Nimekimbia miezi mitatu, mbona joto la usiku haliniachi?

Barua tulizopokea mwezi huu kuhusu mabadiliko ya mwili kabla ya hedhi kukoma zilikuwa nyingi kuliko nafasi ya safu hii. Nimechagua tano, nimezifupisha, na nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha aliyeandika. Kipindi tunachokizungumzia ndicho wataalamu wanachokiita perimenopozi, yaani miaka ya kuelekea kukoma kwa hedhi, ambayo kwa wanawake wengi huanza wakiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, na huhesabiwa kuwa imekwisha pale mwanamke anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake.

Swali: Daktari, nakusalimu kwa heshima. Nina umri wa miaka 46. Tangu mwaka jana siku zangu hazieleweki: mara zinakuja baada ya wiki tatu, mara inapita miezi miwili bila dalili yoyote. Usiku ndio unaonitesa zaidi. Ninaamka kwenye saa tisa, nguo ya kulalia imelowa mgongoni kana kwamba nimemwagiwa maji, ninageuza mto upande mkavu, na kabla usingizi haujanichukua tena ninaanza kutetemeka kwa baridi. Niliambiwa kwamba dawa yake ni mazoezi, kwa hiyo nikaanza kukimbia kila alfajiri, siku saba kwa wiki, bila kupumzika hata siku moja. Sasa ni miezi mitatu. Uzito haujapungua, magoti yananiuma, na joto liko palepale. Ninakosea wapi, au mwili wangu una kasoro?

Jibu: Dada yangu, pole sana. Mwili wako hauna kasoro, na uamuzi wako wa kuanza mazoezi ulikuwa mzuri. Tatizo ni kwamba uliahidiwa jambo ambalo mazoezi hayajathibitika kulitimiza. Barua yako imenigusa kwa sababu wanawake wengi hufika hapo ulipo, huhesabu miezi, huona joto halijaondoka, kisha huacha mazoezi kabisa na kupoteza faida zote nyingine ambazo mwili ulikuwa umeanza kuzipata.

Tuanze na hilo joto lenyewe. Watu hudhani kwamba katika miaka hii homoni ya estrojeni hupungua taratibu, kama mafuta yanavyopungua ndani ya taa. Ukweli ni kwamba hupanda na kushuka bila mpangilio. Kuna siku kiwango chake huwa juu hata kuliko ulipokuwa na miaka thelathini, na kuna siku huporomoka. Mwezi ambao yai halikupevuka, homoni ya projesteroni nayo haitengenezwi ya kutosha, na ndiyo sababu siku zako zinakuja na kupotea bila taarifa. Mabadiliko hayo huivuruga sehemu ndogo ya ubongo inayoitwa haipothalamasi, ambayo kazi yake mojawapo ni kulinda joto la mwili. Kwa kawaida sehemu hiyo huvumilia joto kupanda au kushuka kidogo bila kuchukua hatua yoyote. Katika kipindi hiki uvumilivu huo hupungua, hivyo joto likipanda kidogo tu, ubongo huamuru mishipa ya damu ya ngozi ifunguke na jasho litoke kwa wingi, kana kwamba umesimama karibu na tanuri. Jasho hilo huupoza mwili kupita kiasi, nawe unaanza kutetemeka. Hiyo ndiyo baridi uliyoieleza.

Majaribio yaliyowalinganisha wanawake wanaofanya mazoezi na wasiofanya hayajaonyesha kwa uhakika kwamba mazoezi peke yake hupunguza joto hilo la ghafla. Chama cha Menopozi cha Amerika Kaskazini, kilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu tiba zisizo za homoni, hakikuyaweka mazoezi katika orodha ya tiba za joto. Kilichopendekezwa, mbali na dawa kadhaa, ni pamoja na kupunguza uzito kwa mwenye uzito uliozidi, na tiba ya mazungumzo inayomsaidia mwanamke kubadili namna anavyolipokea joto hilo na namna anavyolala. Ninayaandika haya wazi kwa sababu ninayapenda mazoezi na ningetaka uendelee nayo kwa miaka mingi, jambo ambalo halitawezekana ukiyapima kwa jambo yasiloliweza.

Yanayoyaweza ni mengi. Yanaboresha usingizi, hata kama hayalizuii joto linalokuamsha. Yanapunguza wasiwasi na huzuni. Yanaidhibiti sukari na shinikizo la damu, mambo mawili ambayo huanza kuharibika kimyakimya katika umri huu. Na yanailinda misuli, ambayo baada ya miaka 30 hupungua kwa takribani asilimia 3 hadi 8 kila muongo kwa mtu asiyeitumikisha. Hapo ndipo lilipo jibu la uzito wako. Misuli ikipungua, mwili hutumia nguvu kidogo zaidi hata ukiwa umelala, na estrojeni ikishuka, mafuta yaliyokuwa yakikaa kwenye mapaja na makalio huanza kuhamia tumboni. Kukimbia peke yake hakuijengi misuli iliyopotea. Ningependa uache kupanda kwenye mizani kila asubuhi, badala yake upime kiuno chako kwa utepe mara moja kwa mwezi, kwa maana mafuta ya tumboni ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo.

Sasa kuhusu ratiba yako. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Wewe umezidisha upande mmoja na kuusahau mwingine, huku magoti yakikosa siku ya kupumzika. Ningekushauri ukimbie au utembee kwa kasi siku tatu tu, dakika 40 kila siku, kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba; hizo ni dakika 120, na matembezi ya nusu saa siku nyingine yoyote yatakamilisha 150. Siku mbili ziwe za misuli, kwa namna nitakayoieleza katika barua inayofuata. Siku moja ipumzike kabisa. Hakikisha kila mlo una chakula chenye protini, kama vile mayai, samaki, maharage, maziwa au nyama isiyo na mafuta mengi, kwa sababu misuli haijengwi kwa kujinyima chakula, na mwanamke anayekula mlo mmoja kwa siku huku akikimbia kila alfajiri anaila misuli yake mwenyewe.

Usiku, lala kwenye chumba chenye hewa, vaa pamba nyepesi, na jifunike mashuka mawili mepesi badala ya blanketi moja zito ili uweze kuondoa moja bila kuamka kabisa. Weka nguo kavu kando ya kitanda, mahali mkono unapoifikia gizani. Pombe huvuruga usingizi wa nusu ya pili ya usiku, na kahawa ya jioni hukaa mwilini kwa saa nyingi, kwa hiyo jaribu kuziacha kwa wiki mbili huku ukiandika ni mara ngapi umeamka. Usipoona tofauti, usijinyime bure.

Na kama joto linaendelea kukunyima usingizi, nenda kwa daktari ukazungumzie dawa. Tiba ya homoni bado ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa joto la ghafla. Wengi waliiogopa baada ya mwaka 2002, pale utafiti mkubwa wa Marekani ulipositishwa kwa sababu ya hatari zilizoonekana. Lakini wanawake wa utafiti ule walikuwa na wastani wa umri wa miaka 63, wengi wao wakiwa wameshamaliza hedhi miaka mingi kabla. Uchambuzi uliofuata umeonyesha kwamba kwa mwanamke mwenye afya njema, aliye chini ya miaka 60 au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huzidi hatari. Haimfai kila mtu: aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kupata damu iliyoganda kwenye mishipa, au kiharusi, kwa kawaida huelekezwa kwenye dawa zisizo za homoni, ambazo zipo na zinasaidia. Omba pia upimwe wingi wa damu na tezi ya thairoidi, kwani tezi inayofanya kazi kupita kiasi huleta jasho na mapigo ya moyo yanayofanana sana na haya. Kipimo cha homoni za uzazi kwa mtu wa umri wako kwa kawaida hakihitajiki, maana kiwango cha leo si cha wiki ijayo, na maelezo uliyoniandikia yanatosha.

Swali: Daktari, nina miaka 51 na sijaona siku zangu kwa miezi saba. Mama yangu aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo hakutembea tena bila msaada. Ninaogopa mifupa yangu. Rafiki zangu wanasema ninyanyue uzito, lakini mimi ninaona uzito ndio utakaonivunja. Je, kuogelea hakutoshi?

Jibu: Dada, hofu yako ina msingi, kwa kuwa mwenye mzazi aliyevunjika nyonga naye huwa katika hatari kubwa zaidi. Tena uko katika wakati wenyewe: mifupa huanza kupungua kwa kasi takribani mwaka mmoja kabla ya hedhi ya mwisho, na kasi hiyo huendelea kwa miaka kama miwili baada yake kabla ya kupoa. Kuogelea ni kuzuri kwa moyo na kwa viungo vinavyouma, lakini maji yanakubebea uzito wako, na mfupa usiobebeshwa mzigo hauna sababu ya kujiimarisha. Mfupa huisikia misuli inapouvuta na ardhi inapousukuma. Kwa hiyo endelea kuogelea kama unakupenda, ila tafuta muda wa kusimama ardhini na kubeba kitu.

Anza na kiti. Chukua kiti kigumu kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa kwenye nusu ya mbele, miguu ikiwa imepanuka kama upana wa mabega, visigino vikiwa nyuma kidogo ya magoti. Kunja mikono kifuani. Inama mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, kandamiza visigino, simama wima, kisha ubane makalio. Sasa shuka ukihesabu moja, mbili, tatu, nne, na ukalio wako uguse kiti bila kujibwaga. Kule kushuka polepole ndiko kunakofanya kazi kubwa, na ndiko watu wengi wanakokuruka. Rudia mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja au mbili, kisha fanya tena. Baada ya wiki chache, ukiona mara 12 zinapita bila jasho, shika kitu chenye uzito kifuani, hata chupa ya maji iliyojaa, na uongeze kidogokidogo. Uzito unaokufaa ni ule ambao marudio mawili ya mwisho yanakuwa magumu lakini mgongo haujapinda wala pumzi hujaizuia. Fanya hivyo pia kwa mikono, kwa kujisukuma kutoka ukutani au mezani, na kwa mgongo, kwa kuvuta mzigo kuelekea kiunoni.

Kwa kuwa mama yako alivunjika kwa kuteleza, usiidharau mizania ya mwili. Kila unapopiga mswaki, simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta ulio tayari kukushika, kisha badilisha mguu. Kuhusu chakula, mwanamke aliyezidi miaka 50 hushauriwa kupata takribani miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, na kikombe kimoja cha maziwa kina karibu 300. Samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao na mboga kadhaa za majani huongezea. Vitamini D husaidia kalsiamu hiyo kufyonzwa. Kama unavuta sigara, hilo ndilo la kuacha kwanza, kwa sababu huidhoofisha mifupa na pia huiwahisha hedhi kukoma. Na kwa historia ya mama yako, muulize daktari kuhusu kipimo cha uzito wa mifupa kabla ya kuanza kubeba mizigo mikubwa. Ukiwahi kuvunjika kwa ajali ndogo au kutumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, kipimo hicho usikiahirishe.

Swali: Ninaona aibu kuuliza. Kila ninaporuka kamba mkojo unanitoka kidogo. Nina miaka 44. Niache mazoezi?

Jibu: Usiache, na usione aibu, ni jambo la kawaida sana, ingawa si la kuvumiliwa. Weka kamba kando kwa miezi mitatu na uimarishe misuli ya chini ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na mji wa mimba. Ukiwa umelala au umekaa, bana kana kwamba unazuia hewa isitoke na mkojo usitoke kwa wakati mmoja, ukivuta kwa ndani na kuelekea juu. Tumbo, mapaja na makalio vikae vimelegea na pumzi iendelee. Shikilia sekunde tano, legeza kabisa kwa sekunde tano nyingine, na ufanye mara 8 hadi 12, mara tatu kwa siku. Kule kulegeza ni nusu ya zoezi. Usijizoeshe kukatiza mkojo ukiwa chooni, kwa kuwa kufanya hivyo mara kwa mara huweza kukifanya kibofu kishindwe kutoa mkojo wote. Miezi mitatu ikipita bila nafuu, au ukiwa na maumivu au uzito unaoshuka ukeni, mwone mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulikia nyonga. Kama pia kuna ukavu na maumivu wakati wa tendo la ndoa, mweleze daktari, kwani ipo krimu ya estrojeni ya kupaka hapohapo ambayo kiasi kidogo sana chake huingia kwenye damu.

Swali: Daktari, mimi ni mwanamume. Mke wangu ana miaka 48. Amekuwa mwepesi wa hasira, analia bila sababu, na hataki watu. Nimesoma kwamba mazoezi huondoa mambo haya, lakini kila nikimwambia aende akatembee ananijibu kwa ukali. Nimsaidieje?

Jibu: Ndugu yangu, umefanya vyema kuandika. Nikuombe kwanza uliondoe neno "bila sababu". Estrojeni inahusika na kemikali za ubongo zinazotawala hisia, na inapoyumba, hisia nazo huyumba. Juu ya hapo weka wiki kadhaa za kuamka mara nne kila usiku. Kwa mtu aliye katika hali hiyo, kuambiwa "nenda katembee" husikika kama kuongezewa kazi juu ya kazi.

Mazoezi huinua moyo kweli, na kwa sonona nyepesi husaidia sana. Lakini yanahitaji saa moja ambayo huenda mkeo hana. Jiulize saa hiyo itatoka wapi: ni nani atakayepika, atakayefua, atakayewasimamia watoto jioni ile? Chukua mojawapo ya kazi hizo, si kwa siku moja ya kuonyesha upendo, bali kwa wiki zote, halafu vaa viatu vyako na umwambie kwamba unatoka kutembea na ungependa akusindikize. Akikataa, nenda, kesho umwombe tena. Muulize pia jinsi alivyolala, na usikilize jibu mpaka mwisho bila kutoa ushauri. Najua hilo ni gumu kwa mtu anayetaka kutatua.

Kuna mpaka ambao haupaswi kuuvuka mkingoja. Huzuni ikiendelea karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, akapoteza hamu ya vitu alivyovipenda, akajiona hana thamani, hiyo ni sonona inayohitaji tiba, na katika miaka hii wanawake huwa katika hatari zaidi, hasa waliowahi kuipata huko nyuma. Akitamka kwamba afadhali asingekuwepo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na usimwache peke yake.

Jambo moja zaidi linawahusu ninyi wawili. Hedhi isiyo na mpangilio haimaanishi kwamba mimba haiwezekani. Ushauri wa kawaida ni kuendelea na uzazi wa mpango hadi miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho ikiwa mwanamke ana chini ya miaka 50, na mwaka mmoja ikiwa amezidi umri huo.

Swali: Nina miaka 47. Mwezi huu nimetokwa damu siku 12, ninabadilisha pedi kila saa, na nikipanda ngazi ninaona kizunguzungu. Rafiki yangu anasema ni mabadiliko ya umri tu na nikizidisha mazoezi zitatulia. Ni kweli?

Jibu: Dada yangu, mazoezi yasubiri, na wewe usisubiri. Pedi inayolowa kila saa pamoja na kizunguzungu inahitaji hospitali leo, si wiki ijayo. Ni kweli kwamba katika miaka hii hedhi huweza kuwa nzito kwa sababu ya homoni kukosa uwiano, lakini uvimbe wa mji wa mimba, ujauzito ulioharibika na saratani vinaweza kujificha nyuma ya maneno hayohayo ya "mabadiliko ya umri". Vivyo hivyo kwa msomaji mwingine yeyote anayetokwa damu kwa zaidi ya siku saba, au katikati ya mwezi, au baada ya tendo la ndoa, au tone lolote baada ya kukaa miezi 12 bila hedhi: ni lazima achunguzwe.

Utakapokwenda, usiende peke yako, kwa sababu ya hicho kizunguzungu. Mwombe daktari apime wingi wa damu na madini ya chuma, kipimo cha ujauzito, na kipimo cha mawimbi ya sauti cha mji wa mimba. Andika kwenye karatasi tarehe za hedhi zako za miezi mitatu iliyopita, idadi ya pedi kwa siku, ukubwa wa mabonge ya damu kama yapo, na kila dawa unayotumia, zikiwemo za mitishamba. Mpe karatasi hiyo mkononi kabla hajaanza kukuuliza.